Rais aliyesinzia ikulu, na sahani yako ya saa nne usiku

Kama unaishi Muthangari, ama unapita hapo kila jioni ukitoka tao, unajua vile siku huisha. Gari linakwama Waiyaki Way, unafika keja saa tatu na nusu usiku, na tumbo limekuwa likinguruma tangu saa kumi. Nguvu za kupika huna. Unateremka kwa kibanda, unabeba chapo mbili na madondo, ama chipsi na smokie, na soda baridi ya kushushia. Saa nne umemaliza kula. Saa tano uko kitandani na simu mkononi. Asubuhi unaamka umechoka kuliko ulivyolala, kinywa kimekauka, kichwa kinagonga, na yule mnayeishi naye analalamika ati ulikoroma hadi ukuta ukatetemeka.

Wengi wetu hucheka mambo ya kukoroma. Mtu akisinzia kazini tunasema ni mvivu, ama jana alikesha kwa klabu. Leo nataka nikupe maisha ya mtu aliyechekwa hivyo hivyo, tena akiwa rais wa Marekani. Jina lake William Howard Taft. Alikufa mwaka wa 1930, kabla babu yako hajazaliwa pengine, lakini ukimsoma vizuri utajiona.

Na hadithi yake inapita karibu na kwako. Shuka kutoka Muthangari hadi Chiromo, pale penye kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Zamani hapo palikuwa na nyumba ya William Northrup McMillan, Mmarekani tajiri mwenye mwili mkubwa ajabu. Ndiye yule ambaye jina lake liko kwa maktaba ya Banda Street, ile yenye simba wawili wa mawe mlangoni, iliyofunguliwa mwaka wa 1931 baada ya yeye kufariki. Mwaka wa 1909 McMillan alimpokea mgeni mzito katika shamba lake la Juja. Mgeni huyo alikuwa Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu madarakani Marekani na kushuka Mombasa tarehe 21 Aprili kuja kuwinda.

Sasa jiulize: Roosevelt akiwa huku anafukuzana na simba, nani alikuwa amekalia kiti chake kule Washington? Ni rafiki yake mkubwa, mtu aliyemchagua mwenyewe amrithi. Ni Taft. Na mara nyingi, Taft alikuwa amesinzia kwenye hicho kiti.

Kichwa kilikuwa kikali

Tuweke jambo moja wazi kabla hujaanza kumcheka: Taft hakuwa mjinga, wala hakuwa mvivu. Alizaliwa tarehe 15 Septemba 1857 mjini Cincinnati, jimbo la Ohio. Baba yake, Alphonso Taft, alikuwa mwanasheria na aliwahi kuwa waziri katika serikali ya Rais Grant. Kijana alienda chuo cha Yale, na alipohitimu mwaka wa 1878 alikuwa nambari mbili katika darasa la wanafunzi zaidi ya mia moja. Akasomea sheria, akawa jaji akiwa bado hajafika miaka 30.

Mwaka wa 1886 alimwoa Helen Herron, ambaye watu walimwita Nellie. Hapa ndipo mambo yalipoanza kuvutana. Taft alitaka kitu kimoja tu maishani, kuketi katika Mahakama ya Juu. Nellie naye alitaka ikulu. Unajua nyumba za hivyo. Nellie alishinda, angalau raundi ya kwanza.

Taft alitumwa Ufilipino, akawa gavana huko mwaka wa 1901. Mwaka wa 1904 Roosevelt akamrudisha Washington awe waziri wa vita. Kila kazi aliyopewa aliifanya vizuri. Lakini mwili nao ulikuwa unapanda cheo pamoja naye. Kijana wa Yale alikuwa mkubwa tayari, ila kufikia mwisho wa 1905 alikuwa amevuka kilo 140, kwa mtu wa urefu wa kama mita 1.8.

Na hakupuuza. Desemba 1905 alimwandikia daktari wa London aliyesifika kwa kupunguza watu uzito, Nathaniel Yorke-Davies. Daktari akamtumia orodha: nyama isiyo na mafuta, samaki, mboga, sukari iondoke kabisa, na kila siku ajipime na kuandika uzito wake. Fikiria hiyo. Zaidi ya miaka mia moja kabla ya programu za simu za kuhesabu kalori, waziri wa Marekani alikuwa anajirekodi na kutuma matokeo kwa barua za meli. Na iliweza! Katika miezi michache alipunguza karibu kilo 27.

Kisha uzito ukarudi, wote na nyongeza juu. Kama umewahi kujaribu kupunguza mwili, hii sehemu unaielewa bila kuelezwa.

Ikulu na usingizi

Tarehe 4 Machi 1909 Taft aliapishwa. Alikuwa na zaidi ya kilo 150. Miezi miwili tu baadaye, Mei, Nellie alipata kiharusi kilichomfanya ashindwe kuongea vizuri kwa muda mrefu. Nellie ndiye aliyekuwa akichunga kile ambacho mumewe anakula. Sasa aliyemchunga ni mgonjwa, kazi imekuwa mzigo, na rafiki yake Roosevelt yuko mbali huku kwetu.

Taft alikula. Mfanyakazi aliyesimamia nyumba ya ikulu alisimulia baadaye kwamba steki ilikuwa kitu cha kawaida kwa kiamshakinywa chake. Na karamu za jioni ndizo zilikuwa hatari zaidi. Hata kabla ya kuapishwa, Januari 1909, mji wa Atlanta ulimwandalia karamu ya oposamu, mnyama mdogo wa porini, akiwa ameokwa mzima na viazi vitamu. Baadaye mwaka huo alizunguka nchi kwa treni karibu kilomita 21,000, na kila mji ulitaka kumwonyesha upendo kwa sahani. Unaweza kukataa chakula cha wenyeji wewe? Hata hapa kwetu, mwanasiasa akikataa nyama kijijini, kura zimeenda.

Usingizi nao ukamvamia. Taft alisinzia mikutanoni huku watu wakimweleza mambo ya nchi. Alisinzia kanisani, kwenye mazishi, kwenye ukumbi wa muziki, akicheza karata, na akiwa ndani ya gari lililo wazi barabarani huku watu wakimtazama. Msaidizi wake wa kijeshi, Archie Butt, mtu aliyekuja kufa katika meli ya Titanic mwaka wa 1912, alikuwa na kazi moja isiyoandikwa popote: kumwamsha rais bila watu kugundua. Akipata nafasi, alikohoa kwa nguvu.

Presha yake ya damu ilipimwa wakati huo na namba ya juu ikafika 210. Ukienda kliniki leo na namba hiyo, hawakuachi urudi nyumbani hivi hivi.

Magazeti yalichora katuni, watu wakatunga vichekesho. Kile cha kukwama kwenye beseni la kuogea mpaka leo kinasambazwa mitandaoni, ingawa hakuna ushahidi kwamba kilitokea. Kilicho kweli ni kwamba mwaka wa 1909 alitengenezewa beseni kubwa la kusafiri nalo melini, la kutosha wanaume wanne. Picha ipo, wanaume wameketi ndani.

Roosevelt aliporudi kutoka safari yake mwaka wa 1910, hakufurahia alichokikuta serikalini. Urafiki ukavunjika. Mwaka wa 1912 wote wawili waliwania, kura za chama zikagawanyika, Woodrow Wilson akapita katikati. Taft alimaliza wa tatu, akashinda majimbo mawili tu, Utah na Vermont. Siwezi kukuambia ni usingizi ulimwangusha, siasa zake zilikuwa na shida nyingi. Lakini mtu anayepambana kubaki macho saa nane mchana hapambani na mpinzani vizuri.

Alikuwa anaugua nini?

Wakati huo hakuna daktari aliyekuwa na jina la ugonjwa huu. Wataalamu walianza kuueleza vizuri miaka ya 1960, kwa kupima watu wakiwa wamelala. Mwaka wa 2003 daktari mmoja Mmarekani, John Sotos, alipitia barua na kumbukumbu za Taft, akaandika katika jarida la madaktari wa kifua kwamba dalili zote zinaelekeza mahali pamoja: apnia ya usingizi. Kwa Kiswahili cha kawaida, pumzi kukatika usingizini.

Inatokea hivi. Ukilala, misuli ya koo inalegea. Kama shingo imebeba mafuta mengi, ama taya ni ndogo, ama tonsili ni kubwa, njia ya hewa inaziba. Pumzi inakatika sekunde kumi au zaidi. Oksijeni kwenye damu inashuka, ubongo unashtuka, unakuamsha kidogo tu, unavuta hewa kwa kishindo, halafu unarudi kulala. Asubuhi hukumbuki lolote. Ikitokea mara tano au zaidi kila saa, madaktari wanaanza kuhesabu kuwa ni ugonjwa. Ikifika mara 30 kwa saa, ni kali. Hiyo ni kila dakika mbili. Kwa usiku wa saa nane umeamshwa mara 240, kisha watu wanashangaa ukisinzia mchana.

Na hapa ndipo kisukari kinaingia. Kila mshtuko ule wa usiku, mwili unadhani kuna hatari. Unamwaga homoni za kupigana na kukimbia, ini linatoa sukari kwenye damu, na insulini inashindwa kufanya kazi yake vizuri. Rudia hivyo usiku baada ya usiku, mwaka baada ya mwaka. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka wa 2009 ulipima usingizi wa watu 306 wenye uzito mkubwa na kisukari cha aina ya pili. Zaidi ya asilimia 86 walikuwa na apnia, na wengi hawakuwa wanajua. Haya magonjwa mawili ni kama wapangaji wa nyumba moja: ukimwona mmoja, bisha mlango umtafute mwenzake.

Usidhani ni mambo ya Wazungu wa zamani. Utafiti wa serikali ya Kenya wa mwaka wa 2015 ulikuta asilimia 27 ya watu wazima wana uzito uliozidi, na kwa wanawake ni zaidi ya theluthi moja. Ila pia usimtazame msee mwembamba ukasema yeye yuko salama. Taya na koo hazihesabu kilo.

Sahani ya usiku

Sasa turudi kwa ile chapo ya saa nne. Shida si chapati peke yake. Saa ya kuila pia ina kesi ya kujibu.

Mwili una saa yake ya ndani. Giza likiingia, unajitayarisha kulala, na uwezo wake wa kushughulikia sukari unapungua. Mwaka wa 2020 watafiti wa Johns Hopkins walichukua watu 20 wenye afya njema, wakawapa chakula kile kile, siku moja saa kumi na mbili jioni, siku nyingine saa nne usiku, na wote walilala saa tano. Waliokula saa nne, sukari yao ilipanda juu zaidi kwa karibu asilimia 18, na mafuta yaliyochomwa usiku yakapungua kwa karibu asilimia 10. Chakula kile kile, watu wale wale, saa tofauti tu.

Ongeza juu yake tumbo lililojaa ukiwa umelala chali. Asidi inapanda kooni, kiungulia kinakuamsha. Na kama umeshushia kwa pombe badala ya soda, misuli ya koo inalegea hata zaidi, pumzi inakatika mara nyingi zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Halafu usingizi mbaya wenyewe unakufanya uwe na njaa kesho yake, hasa ya vitu vitamu na vya mafuta. Ni duara, na watu wengi wa rika letu hapa mjini wako ndani yake wakidhani ni uchovu wa kazi tu.

Najua utaniambia: bosi ananiachilia saa moja, barabara inanila masaa mawili, nile saa kumi na mbili wapi? Haki hiyo unayo. Lakini sahani unaweza kuigawa. Kula chakula chenyewe kabla ya kutoka tao, hata kama ni githeri kwenye mkebe saa kumi na moja, halafu ukifika keja ule kidogo: mboga, yai, uji usio na sukari. Soda ikae huko dukani. Lala kwa ubavu. Kitu kimoja muhimu: kama tayari una kisukari na unatumia insulini au dawa, usiruke chakula cha jioni kwa sababu umesoma hapa. Ongea kwanza na daktari wako, kwa sababu sukari ikishuka sana usiku inaweza kuua.

Raundi ya pili ya Taft

Sehemu ninayoipenda ndiyo hii. Machi 1913 Taft alitoka ikulu akiwa ameshindwa vibaya, miaka 55, mwili ukiwa bado mkubwa. Wengi wangekaa chini wasubiri mwisho. Yeye alirudi Yale kufundisha sheria, na akabadilisha sahani. Aliacha viazi, aliacha mkate wa kila aina, aliacha nyama ya nguruwe na nyama zenye mafuta, akabaki na kuku, mboga na samaki wasio na mafuta mengi. Pombe aliweka kando. Kufikia mwisho wa mwaka huo alikuwa amepunguza zaidi ya kilo 30.

Na ule usingizi wa mchana? Ukaondoka. Presha ikashuka pia. Yule mtu aliyekoholewa ili aamke akawa mtu anayefanya kazi siku nzima, na safari hii uzito haukurudi kama zamani.

Mwaka wa 1921 hatimaye akapata kile alichokitaka tangu ujanani: Rais Harding alimteua Jaji Mkuu wa Marekani. Hadi leo ni yeye peke yake aliyewahi kuwa rais na pia Jaji Mkuu wa nchi hiyo. Alikuwa akitembea kwa miguu kwenda kazini, karibu kilomita tano, na daraja moja alilokuwa akivuka huko Washington limepewa jina lake. Aliisukuma sheria ya mwaka wa 1925 iliyoipa Mahakama ya Juu uhuru wa kuchagua kesi zake, na akapigania mahakama hiyo ijengewe jumba lake yenyewe. Jumba lilifunguliwa mwaka wa 1935, yeye akiwa ameshaondoka. Moyo wake ulikuwa umebeba miaka mingi ya presha. Alijiuzulu Februari 1930 na kufariki tarehe 8 Machi, akiwa na miaka 72.

Linganisha mtu wa 1910 na mtu wa 1925. Akili ni ile ile, elimu ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba wa pili alikuwa anapumua usiku.

Taft hakuwa na vitu ambavyo wewe unavyo. Leo kuna kipimo cha usingizi, na Nairobi kinapatikana katika baadhi ya hospitali. Tangu mwaka wa 1981, daktari Colin Sullivan wa Sydney alipoonyesha kwamba hewa inayopulizwa kupitia kinyago puani inaweza kuweka koo wazi usiku kucha, kuna mashine ya kutibu hali hii. Bei si ya mchezo, lakini kuanza hakuhitaji mashine. Kupima sukari na presha ni dakika chache tu.

Kwa hivyo fanya hivi wiki hii. Mwambie unayelala naye nyumba moja akusikilize usiku. Kama uko peke yako, acha simu irekodi sauti. Ukisikia kukoroma, kisha kimya cha sekunde kadhaa, kisha mkoromo mkubwa kama mtu aliyetolewa majini, usicheke na usiipeleke kwa status. Ipeleke kwa daktari. Na kama unaendesha boda ama matatu huku unasinzia, usingoje wiki iishe. Enda kesho.